Kujenga Kiwanda Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu wanaonijia na kiwanja, au na mashine iliyo njiani baharini, au na vyote viwili, wakitaka jengo. Kuna wa sabuni, wa nguo, wa unga, wa chupa za plastiki, wa juisi ya maembe. Kila mmoja hudhani shida yake ni ya peke yake, na maswali ni yale yale. Nimeanza na ya msingi, nikamalizia na yale ya pembeni. Jambo lililokwisha kuelezwa kwingine nimelitajia namba ya swali.

## Kabla ya kuchimba msingi

1. Kiwanja ninacho. Tuanze na ramani?

Tuanze na kazi. Kabla ya mstari wa kwanza wa ramani huwa nataka karatasi moja, hata ya kuandikwa kwa mkono: malighafi inaingia kwa gunia, kwa pipa au kwa kontena, inakaa siku ngapi, inapita mashine gani na kwa utaratibu gani, taka inatokea wapi, bidhaa ikitoka ina uzito gani, na watu wangapi wanasimama wapi.

Halafu twende uwanjani na chaki. Mteja mmoja wa mafuta ya nazi tulimchorea kiwanda chake kizima kwenye uwanja wa simiti, kila mashine kwa kipimo chake, tukapita na gunia tupu begani kama vibarua. Kufikia mara ya pili tulishaona kwamba njia ya nazi inayoingia na njia ya chupa zinazotoka zinakatana mara tatu. Kosa la chaki hufutwa kwa kiatu. Kosa lile lile likishakuwa ukuta, utaishi nalo, na kila siku utamlipa mtu mshahara wa kusubiri mwenzake apite.

Wengi huanza upande wa pili: wanajenga mita 20 kwa 40 kwa kuwa jirani amejenga hivyo, ndipo wanatafuta namna ya kuzipenyeza mashine.

2. Kwani godauni na kiwanda si kitu kimoja?

Kwa nje hufanana. Ila godauni hujengewa mzigo, na mzigo hautoi jasho, haunywi maji, wala hauhitaji kuona uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi. Kiwanda kina watu ndani kwa saa nane au kumi na mbili, kina mashine zinazotoa joto na mtetemo, kina umeme mwingi na maji machafu. Ukikodi godauni ulifanye kiwanda, vitatu vitakusumbua kwanza: hewa (swali la 6), sakafu (swali la 12) na milango (swali la 14).

3. Changamwe, Miritini, Dongo Kundu, au nivuke Mtwapa?

Inategemea mzigo wako unatoka wapi na wafanyakazi wako wanalala wapi. Changamwe na Shimanzi ziko mlangoni mwa bandari na zimezoea viwanda tangu zamani, lakini kiwanja kipya hapo ni cha kutafuta kwa tochi, na foleni ya malori unaijua. Miritini, Jomvu na njia ya Mazeras zina nafasi zaidi, na reli ya kisasa iliyoanza kazi 2017 iko hapo hapo. Kwa kusini, barabara ya Dongo Kundu imeunganisha Miritini na pwani ya kusini bila feri ya Likoni, na eneo maalum la kiuchumi limetengwa huko chini ya sheria ya 2015. Mtwapa na Kikambala zinamfaa mtu wa matunda na nazi kutoka Kilifi kuliko mtu wa makontena.

Jambo ambalo wenye mitaji huliruka ni feri. Ukiwa na kiwanda kisiwani na nusu ya wafanyakazi wanatoka Likoni, zamu ya kuanza saa moja asubuhi itakuchelewesha kila feri ikiharibika. Weka hilo kwenye hesabu kabla ya kusifu bei ya kiwanja.

Na hati ya ardhi ipekuliwe mpaka mwisho. Ardhi ya pwani ina historia, na mwenye historia hujitokeza siku unapomwaga kifusi.

4. Udongo wa hapa si mawe matupu? Kuna haja ya kupima?

Iko haja, na kubwa. Kisiwani na ukanda wa mashariki, Nyali hadi Bamburi, chini kuna mwamba wa matumbawe. Ni mgumu, unabeba, lakini una mapango. Nguzo moja inaweza kukaa juu ya jiwe na ya pili yake juu ya tundu lililofunikwa na ganda la nusu mita. Huko mahali pa kila nguzo nzito patobolewe kupimwa. Tundu moja katikati ya kiwanja halitoshi.

Ukivuka kuelekea magharibi, Changamwe, Miritini hadi karibu na Mazeras, hadithi hubadilika. Chini kuna mwamba laini wa tabaka tabaka ambao ukioza hugeuka mfinyanzi, na mfinyanzi huo huvimba ukilowa na kunywea ukikauka. Masika unainua sakafu, kaskazi unaishusha, na nyufa hufuata. Dawa ni kushusha msingi hadi udongo usiobadilika, au kuuondoa ule mbaya na kujaza mwingine ulioshindiliwa vizuri, kisha kuyapeleka maji ya paa mbali na ukuta. Bomba la maji linalovuja chini ya sakafu kwa mwaka mmoja hufanya madhara kuliko mvua ya mwaka mzima.

## Joto, upepo na mwanga

5. Jengo lielekee wapi?

Urefu wake ulale mashariki hadi magharibi, ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la alasiri huja chini chini na hakuna upenu unaoweza kulizuia, kwa hiyo kuta za mashariki na magharibi ziwe fupi, bila madirisha makubwa. Weka huko vyoo, stoo, na ngazi.

Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutuzunguka pande zote mbili. Mwezi wa Juni saa sita mchana liko upande wa kaskazini, kiasi cha nyuzi 62 juu ya upeo. Desemba liko kusini, kiasi cha nyuzi 70. Kwa kipimo cha fundi: tundu la ukuta wa kaskazini lenye kimo cha mita 2 linataka upenu wa karibu mita 1 ili jua la adhuhuri lisiingie. Upande wa kusini unaweza kupunguza kidogo kwa ajili ya jua, lakini usipunguze, kwa sababu ya mvua ya kusi.

Bahati yetu ni kwamba upepo unakubaliana na mpango huu. Kusi huvuma toka Aprili hadi karibu Oktoba, kaskazi toka Desemba hadi Machi. Jengo lililolala mashariki-magharibi hupokea pepo zote mbili kwa ubavu wake mpana. Mabaharia walijua hili kabla yetu.

6. Ndani ni joto kuliko nje, na feni nimeweka kumi. Nifanye nini?

Feni inazungusha hewa ile ile. Kwanza tuulize joto linatoka wapi, na kwa kawaida jibu ni juu. Bati tupu chini ya jua la Februari linaweza kupita nyuzi 60, na watu wanakaa chini yake kama mkate kwenye tanuri. Hewa unayoihisi ni sehemu moja tu ya taabu. Sehemu nyingine ni joto linalomulika kutoka kwenye bati moja kwa moja hadi kichwani, na hilo feni haiwezi kulipuliza. Kwa hiyo paa liwe na rangi nyeupe au ya kung'aa, na chini yake kuwe na blanketi la kuzuia joto. Kati ya fedha zote utakazotumia kwa ajili ya joto, za kwanza ziende hapo.

Pili ni njia ya hewa. Vitabu vingi vya wenzetu wa nchi baridi husifu sana kofia ya paa, yaani tundu la kileleni ambamo hewa moto hupanda na kutoka. Iweke, inasaidia, hasa penye tanuri au boila. Lakini usiitegemee peke yake. Hewa hupanda kwa nguvu pale ndani pakiwa moto zaidi sana kuliko nje, na Mombasa nje kwenyewe ni nyuzi 32 na unyevu mwingi. Kinachotuokoa sisi ni upepo unaoingia ubavu huu na kutokea ubavu ule, ukipita kwenye kimo cha mwili wa mtu. Matundu yaanze chini, kiasi cha nusu mita kutoka sakafuni, si kule juu karibu na mtambaapanya ambako yanapoza kenchi, yaani fremu za kubeba paa. Matofali ya matundu yanatosha. Wezi hawapiti, na mafundi wetu wanayajua.

Jengo pana sana huua mpango huu. Likizidi mita 30 kwa upana, wa katikati hawapati upepo hata ukifungua pande zote. Hapo ni bora majengo mawili membamba yenye uwanja kati yao.

Kiwanda ambacho lazima kifungwe, kama cha dawa au cha chakula cha aina fulani, hakifuati jibu hili. Hicho ni cha mitambo ya kupoza, na kuta zake zihesabiwe hivyo tangu mwanzo.

7. Niweke karatasi ngapi za kupitisha mwanga?

Hesabu kati ya asilimia 5 na 10 ya eneo la paa, na kwa hapa mimi hupenda kubaki upande wa 5. Kila karatasi ya mwanga ni karatasi ya joto. Zitawanye, usizipange mstari mmoja, na usiweke juu kabisa ya mshonaji. Baada ya miaka michache zinakuwa njano na kupasuka, kwa hiyo nunua za ziada siku ile ile, za wimbi lile lile la bati, uziweke kivulini.

8. Na lile paa la meno ya msumeno tunaloliona kwenye picha za viwanda vya zamani?

Lilibuniwa kwa ajili ya nchi ambazo jua liko upande mmoja mwaka mzima. Kioo cha kila jino kikigeuziwa upande wa pili, mwanga huingia bila jua. Kwetu hakuna upande ambao jua halifiki. Kusini ndiko afadhali, kwa kuwa jua liko huko miezi mitano tu na liko juu sana, lakini kusini ndiko mvua ya masika inakotokea ikisukumwa na upepo. Ukilitaka, kila jino liwe na upenu wake, na jitayarishe kwa mifereji mingi ya bondeni (swali la 10). Kwa kiwanda cha nguo kinachohitaji mwanga sawa kila pembe, nimewahi kulikubali. Kwa sabuni au unga ni urembo wa ghali.

## Chumvi na mvua

9. Mabati yameanza kutu mwaka wa tatu. Nimeuziwa feki?

Huenda si feki. Huenda ni hesabu tu. Bati la kawaida la zinki lenye gramu 275 kwa mita mraba, pande zote mbili zikihesabiwa, lina zinki ya unene wa maikroni 19 hivi kwa kila upande. Kwenye hewa ya pwani iliyo kali, ile ambayo viwango vya kimataifa huiita daraja la C5, zinki huliwa maikroni 4 hadi 8 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe: miaka miwili na nusu hivi hadi karibu mitano, kisha chuma kiko uchi.

Chuma kizito cha nguzo, kikichovywa kwenye zinki ya moto badala ya kupakwa rangi ya zinki kwa brashi, hupata kama maikroni 85. Kwa hesabu ile ile hiyo ni miaka 10 hadi 20 kabla ya kutu kuanza. Ndiyo maana nasisitiza kuchovya, japo kila mkandarasi ana binamu mwenye kopo la rangi.

Mambo madogo yanayoumiza zaidi: misumari ya kofia ya zinki hafifu juu ya bati zuri, bolti za kawaida kwenye nguzo iliyochovywa, kukata bati kwa jiwe la umeme, cheche zikaruka na kuchoma rangi ya bati jirani. Na chini ya upenu, mahali ambapo mvua haisuuzi chumvi, kutu huanza mapema kuliko juu ya paa penyewe. Osha huko kwa maji matamu kabla ya masika. Kuhusu geji, kumbuka namba ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 30 ni nyembamba kuliko 28. Bado kuna watu wanaouziwa hiyo kinyumenyume.

Kadiri unavyoiacha bahari hali inalegea. Kiwanda cha Mariakani hakihitaji gharama za kiwanda cha Shimanzi.

10. Paa langu linavuja katikati kila masika. Mafundi watatu wameshindwa.

Nina hakika una paa mbili zinazokutana, na kati yake mfereji. Fundi wa nne naye atashindwa. Mfereji wa bondeni ukizibwa na majani ya mwarobaini mchana mmoja wa Mei, maji hayana pa kwenda ila ndani. Niliwahi kuitwa kwenye ghala la karatasi lililojengwa hivyo. Lami ilikuwa imepakwa mara tano, tabaka juu ya tabaka, na mzigo uliokwisha kulowa ulizidi bei ya paa jipya.

Jengo jipya lipewe paa la mgongo mmoja, maji yaanguke nje pande mbili, hata ikibidi bila mfereji kabisa: upenu mrefu, chini mtaro wa wazi. Paa lililopo tayari, panua mfereji hadi mtu aweze kutembea ndani yake, lipe mdomo wa kumwagia kila mwisho, uliowekwa chini ya ukingo wa ndani, ili likijaa limwage nje mbele ya macho ya kila mtu. Mwinamo wa paa usiwe chini ya nyuzi 6, na kwetu mimi hupenda 10.

11. Chuma au zege? Na maji ya mvua, yana faida?

Kwa upana wa zaidi ya mita 12 hivi, chuma kwa paa. Kwa nguzo, zege ni rafiki wa pwani kama limetengenezwa vizuri: mchanga wa mto na si wa ufuoni, maji matamu, na nondo zifunikwe milimita 40 hadi 50 kila upande. Nguzo zinazobomoka ukizitazama utakuta nondo ilikuwa inachungulia tangu siku ya kwanza. Mchanganyiko ninaoupenda ni nguzo za zege hadi kimo cha foklifti na zaidi, kenchi za chuma juu, kuta za mawe ya matumbawe. Fort Jesus imesimama kwa mawe hayo tangu miaka ya 1590.

Maji: milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita mraba 2,000 likikusanya asilimia 80 linakupa lita milioni 1.6. Mji huu haujawahi kutosheka na maji ya bomba, na visima vya karibu na bahari vina chumvi. Tangi lichorwe pamoja na msingi. Likija baadaye hukosa mahali.

## Sakafu, nguzo na malori

12. Sakafu ya inchi nne haitoshi?

Kwa duka inatosha. Gurudumu la foklifti ni dogo na gumu, linabana uzito wote mahali padogo, na linavunja sakafu penye viungo kwanza. Milimita 175 hadi 200 za zege zuri juu ya kifusi kilichoshindiliwa ni mahali pa kuanzia. Mhandisi atasema zaidi akijua rafu zako zina kimo gani. Viungo vikatwe kwa msumeno mapema, kabla zege halijajipasulia lenyewe. Jua la hapa halisubiri, mwagia maji na funika.

Mashine inayogonga au kutetemeka iwe na kitako chake, kilichotengwa na sakafu nyingine.

Na inua sakafu. Kitanda cha lori kiko kiasi cha mita 1.2 kutoka ardhini. Upande wa kupakia ukiwa na kimo hicho, mzigo unavuka kwa mkokoteni, na mafuriko ya mtaani hayakuhusu.

13. Nguzo ziachane kiasi gani, na lori linahitaji nafasi gani?

Nguzo kwa nguzo mita 6 hadi 7.5 kwa urefu wa jengo, na mita 18 hadi 24 kwa upana, hutoa bei nzuri bila ya kukubana. Nguzo ya katikati huokoa chuma, lakini usikubali iwekwe kabla ya zoezi la chaki.

Kontena la futi 40 ni mita 12.2, na ukiongeza kichwa cha lori unakaribia mita 17. Mbele ya mlango wa kupakia acha mita 30 na zaidi, lori liingie na kurudi nyuma bila kuzuia barabara. Uwanja huo ubebe uzito: Afrika Mashariki inaruhusu lori hadi tani 56 kwa jumla, na lile lililopita mizani ya Mariakani ndilo litakalokanyaga kabro zako. Watu hununua ekari moja, wakajenga ekari moja, kisha lori likapakulia barabarani.

## Watu na moto

14. Nikiweka milango minne, wezi wanapata minne. Mmoja hautoshi?

Hautoshi, na swali hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mwaka 1911 New York, wafanyakazi 146 wa kiwanda cha Triangle walikufa; mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Mwaka 2012 Karachi, zaidi ya watu 250 walikufa ndani ya kiwanda cha nguo chenye vyuma madirishani na milango iliyofungwa. Miaka 101 kati yake, na kufuli ni ile ile.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haikupi hiari: watu wakiwa ndani, mlango uweze kufunguka mara moja kutoka ndani bila ufunguo. Kuna pia kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka huo huo. Mlango wa dharura ufunguke kwa nje, uwe na kengele inayolia ukisukumwa, na mlinzi asikie. Mwizi anaogopa kengele kuliko kufuli. Kila mtu awe na njia mbili za kutoka zilizo pande tofauti, na marobota yasiwekwe njiani hata "kwa leo tu".

Gari la zima moto liweze kuzunguka jengo. Maji ya tangi la mvua (swali la 11) yawe na sehemu isiyoguswa, ya moto pekee.

15. Ni lazima chumba cha kusali na cha kunyonyeshea?

Cha kunyonyeshea ni sheria: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke. Cha kusali ni akili ya kawaida ya Mombasa. Usipokiweka, watu watasali nyuma ya jenereta, na Ijumaa utapanga zamu upya kila wiki. Pahali pa kutawadha pawe na mtaro wake. Mahali pa kula pawe na kivuli na upepo, karibu na geti, mama wa mahamri na mbaazi aweze kufika bila kuingia kiwandani.

## Vibali

16. Ni vibali gani, na kipi kwanza?

Matumizi ya ardhi kwanza: kiwanja cha makazi hakijengewi kiwanda mpaka kibadilishwe. Kisha ramani kwa kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya 2019, leseni ya mazingira kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na usajili wa mradi kwa NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, ambayo pia huwapanga wakandarasi kwa madaraja 1 hadi 8. Ramani zitiwe sahihi na msanifu na mhandisi waliosajiliwa. Kurugenzi ya usalama kazini husajili mahali pa kazi, na ni vyema waone ramani kabla hujamwaga zege. Kanuni za ujenzi za taifa za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968, kwa hiyo ramani ya babu yako haifai kunakiliwa.

## Mambo ya pembeni

17. Nina jengo la maduka, ghorofa nne. Niweke cherehani juu?

Usiweke kabla mhandisi hajalipima, na mara nyingi akilipima atasema hapana. Rana Plaza, karibu na Dhaka, lilikuwa jengo la maduka na ofisi lililojazwa viwanda vya nguo na kuongezewa ghorofa. Lilikuwa na majenereta ghorofa za juu. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Tarehe 24 Aprili 2013 liliporomoka na kuua watu 1,134. Sakafu ya ofisi haijui marobota ya vitambaa wala mtetemo.

18. Nikiagiza jengo zima kutoka nje, lije kwenye kontena, si rahisi?

Linaweza kuwa rahisi. Kati ya 1929 na 1932 ofisi ya msanifu Albert Kahn wa Detroit, aliyekuwa amemjengea Ford wa magari, ilisanifu zaidi ya viwanda 500 kwa Umoja wa Kisovieti, nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inaingia kwenye viwanda. Fremu za kiwanda cha matrekta cha Stalingrad zilitengenezwa Marekani na kusafirishwa. Lakini Kahn alimtuma pia ndugu yake Moritz na kikosi cha wasanifu Moscow, na maelfu ya wachoraji na wahandisi wa huko walijifunzia kazini. Mkataba ulipokwisha, wageni wakaondoka, mikono ikabaki.

Kwa hiyo ukiagiza, agiza na michoro yote ya karakana, hesabu za upepo, na vipimo vya kila bolti, kwa lugha inayosomeka. Uliza lina zinki kiasi gani (swali la 9), maana mengi huchorwa kwa ajili ya nchi kavu au baridi: upenu mfupi, kuta zilizofungwa, paa karibu tambarare. Na mafundi wa Changamwe ndio walisimamishe, ili nguzo ikigongwa na lori mwaka ujao kuwe na anayejua ilivyofungwa.

19. Sola juu ya paa ije baadaye?

Sola yenyewe ije baadaye, nguvu ya kenchi ije sasa. Paneli na reli zake ni kiasi cha kilo 15 kwa mita mraba. Kilowati 1,000 hula karibu mita mraba 5,000.

20. Biashara ikibadilika baada ya miaka mitano?

Itabadilika. Wa sabuni atafungasha chai. Acha ukuta mmoja wa mwisho bila kazi ya kubeba, ubomoke na jengo lirefuke upande huo. Umeme na hewa ya mgandamizo vipite juu kwenye trei, si chini ya sakafu. Kimo cha mita 7 chini ya kenchi kinagharimu zaidi kidogo kuliko mita 5, na kinakubali mashine usiyoijua bado.

21. Kwa mita mraba ni shilingi ngapi?

Nikikutajia bila majibu ya swali la 1 na la 4, nitakudanganya.

22. Nimekodi godauni la zamani lenye paa la asbesto. Nitoboe matundu ya hewa?

Usitoboe, usikate, usifagie kwa ufagio mkavu. Vumbi lake huingia mapafuni na madhara yake huonekana miaka mingi baadaye. Likiwa zima, liache na utafute hewa ukutani. Likiwa limepasuka, mwite mkandarasi mwenye leseni ya NEMA ya taka za aina hiyo, na gharama hiyo mzungumze na mwenye jengo kabla ya kutia sahihi mkataba. Wala usimpandishe fundi kwenda kutazama: karatasi za zamani hukatika chini ya mguu, na kutoka mita 6 hakuna cha kushika.